Treni ya Simeoni Kwenda Iguguno

Nilikuwa na siku tisa tu katika ubalozi wa nyumba kumi Simeoni alipopanda juu ya ghala la kijiji.

Niseme kwanza nilivyoupata huo ubalozi, maana hata leo watu wananiuliza. Ilikuwa mwaka sabini na tano, mwaka mmoja baada ya sisi kuhamishwa kutoka makazi yetu ya zamani na kupangwa kwenye mistari kama mahindi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Iguguno. Kijiji kilikuwa kipya kiasi kwamba hakikuwa na jina. Koo mbili zilikuwa bado zinabishana, na kibao cha barabarani kilisimama kimepakwa rangi nyeupe tupu. Katika mkutano wa kuchagua balozi, wazee sita wakakataana mmoja baada ya mwingine, kila mtu na sababu zake za tangu enzi za babu zake. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na mwanangu Klara mgongoni, nikashikwa na kicheko. Ndiyo hali yangu: nikiogopa nacheka, nikiona haya nacheka, msibani lazima nijizibe mdomo kwa kanga.

Mwenyekiti akageuka. "Wewe Lea, unacheka nini?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka katikati ya watu: "Mpeni huyo huyo. Angalau hana ugomvi na mtu."

Wakapiga makofi. Nikaondoka pale balozi, na umri wangu miaka ishirini na sita.

Sasa, Simeoni alikuwa fundi wa mashine yetu ya kusaga. Mtu mkimya sana. Ukimsalimia anakujibu vizuri, kisha anaangalia viatu vyake. Baba yake alikuwa kibarua kwenye ile reli ya wakoloni iliyotoka Manyoni, ikapita Singida, ikafika mpaka huku kwetu, kabla hawajang'oa vyuma na kuondoka navyo. Tuta la reli lilibaki, limeota nyasi, likipita nyuma ya mashamba yetu ya alizeti. Mzee alipokufa alimwachia mwanawe filimbi ya chuma, basi.

Jumatatu ya juma lile Simeoni akaanza kuongea. Alimsalimia kila mwanamke kwenye foleni kwa jina lake na jina la bibi yake. Jumanne akasaga huku anaimba, na alipoishiwa nyimbo akatunga nyingine kuhusu unga wa kila mmoja wetu. Jumatano akagawa vitu. Baiskeli yake akampa katekista, koti akampa mpita njia, mashati mawili akawavalisha mapacha wa jirani. Kisha akachukua chokaa akaenda kupaka mawe kwenye tuta la reli, jiwe baada ya jiwe, mwendo mrefu, bila kupumzika.

Nasema kweli, tulifurahi. Mashine haijawahi kuwa na foleni ya namna ile. Mimi mwenyewe nilicheza na debe la mtama kichwani, yeye akinipigia mluzi, wanawake wakinishangilia. Kama ungekuwepo, nawe ungecheza.

Jumatano ile ile alasiri mkewe, Cecilia, akanijia nyumbani. Alisimama mlangoni bila kuvua kilemba.

"Mama Klara," alisema, "nyinyi mnacheka naye, mimi nimechoka. Tangu Jumapili hajafumba macho. Hali chochote. Anasema ana mvuke kifuani, akilala utapoa."

Nilitaka kumjibu kama kiongozi. Kicheko kikanitoka. Cecilia akanikodolea macho, kisha naye akacheka, kisha akalia, na mimi nikalia, tukashikana pale mlangoni kama watu waliofiwa.

"Kesho asubuhi na mapema tutampeleka zahanati Iguguno," nikamwambia.

Kesho yake asubuhi na mapema alikuwa juu ya ghala.

Ghala lilikuwa jengo refu kuliko yote kijijini, na Simeoni alisimama ukingoni kabisa mwa bati, filimbi mdomoni, kanga ya kijani ya mkewe mkononi kama bendera. Nusu ya kijiji ilikuwa chini yake. Watu walikuwa wanacheka, wanampigia kelele, wengine wanamwuliza nauli.

"Treni imeshatoka Manyoni!" alitangaza. "Stesheni ya Mkiwa imepita! Jiandaeni!"

"Itasimama hapa?" mtu akamwuliza kwa mzaha.

"Isimame vipi kwenye kijiji kisicho na jina?" Simeoni akajibu, na hilo likawachekesha watu mpaka wakashikana mbavu. "Haitasimama. Ikipita hapa nitaruka, nitaidandia juu kwa juu!"

Hapo kicheko changu kikakatika. Nilipima kwa macho kutoka miguu yake mpaka chini. Palikuwa na udongo mgumu na mawe ya msingi.

Paulo, kamanda wa mgambo, akafika na vijana wake wanne na kamba ya mkonge. Paulo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amri, na alipenda jambo liishe.

"Balozi," akaniambia, "toa ruhusa. Wawili wapande nyuma, wamkamate miguu, tumfunge. Akitulia tutamfungua."

Wote wakanitazama. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, huku nikitikisa kichwa kwamba hapana, hapana.

"Sasa huyu balozi naye!" Paulo akasema. "Tuna wagonjwa wawili?"

"Kamba ya nini hiyo?"

Aliyeuliza alikuwa Damiani, mjomba wangu, mrina asali, ametoka porini na ndoo yake. Nikamwamkia shikamoo hapo hapo katikati ya kicheko, naye akaitikia marahaba bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kamba. Akaweka ndoo chini, akanyoosha mkono wa kushoto, akauonyesha kwa watu wote. Vidole viwili vilikuwa vimekauka kama vijiti. Tulizoea kuviona, lakini wengi hatukujua habari yake.

"Mwaka sitini na sita nilisikia nyuki wananiita kwa jina," alisema. "Wakanifunga kwenye gogo siku kumi na nne. Sauti hazikuondoka. Vidole ndivyo vilivyoondoka. Aliyenisaidia ni dada yangu, mama yake huyu Lea. Alinifungua, akakaa nami anachambua mboga kutwa nzima, haniulizi kitu, mpaka nikasinzia. Baadaye akanipeleka kwa mganga wa hospitali. Paulo, mwanangu, niachie huyu mtu mpaka saa sita."

Paulo akaangalia jua, akaangalia vile vidole. "Mpaka saa sita," alisema. "Si zaidi."

Basi tukaanza, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufundishwa kazi ile. Niliwaambia watu: asiye na kazi aondoke, na anayebaki asimwite, asimcheke, asimjibu. Nitaongea mimi peke yangu. Wengi wakaondoka wakinung'unika. Waliobaki niliwatuma kwenye mashine kuleta magunia ya pumba, na magodoro ya nyasi kutoka nyumba zote kumi. Vijana wa mgambo walikuwa wa kwanza kukimbia. Paulo aliwatazama vijana wake wakipita na magodoro vichwani, akakunja uso, kisha naye akabeba gunia. Kwa nusu saa tulilipanga lile lundo chini ya ukingo, kimya kimya, kama watu wanaoiba.

Damiani akapanda ngazi upande wa pili. Hakumsogelea. Alikaa mwisho kabisa wa paa, akatoa sega la asali, akaanza kula.

Simeoni akageuka kwa ukali. "Abiria haruhusiwi kukaa juu ya bati!"

"Nisamehe, nimechoka kutembea," Damiani akasema, akaendelea kula.

Simeoni akamfikiria. Kisha akanitazama mimi chini. "Lea! Treni iko wapi sasa?"

Niliona shingo za watu zikinigeukia. Mtu mmoja akaninong'oneza nimwambie iko karibu, ateremke aipokee. Ilikuwa rahisi. Lakini nilimwona Cecilia ameshika kiuno, ananitazama, nikajua kwamba nikimdanganya leo, kesho hataniamini tena hata nikimwambia chakula kimeiva.

"Kaka Simeoni, mimi siioni," nikasema.

"Husikii mlio?"

"Sisikii. Ninachosikia ni sauti yako, imekauka. Leo umekunywa maji?"

Akaishusha ile kanga. Nadhani hakuna aliyekuwa amemwuliza swali la kawaida kwa siku nne. "Dereva akiwa kazini hanywi," alisema.

"Mimi hunywa," Damiani akasema kutoka kule mwisho, akatoa kibuyu cha uji, akagugumia kwa kelele kama ng'ombe mtoni. Akakisukuma kibuyu kidogo kwenye bati. Kikateleza, kikasimama katikati yao. Simeoni akakiangalia muda mrefu. Mwishowe akapiga hatua tatu kutoka ukingoni, akakichukua, akanywa. Pale chini watu arobaini wakashusha pumzi kwa pamoja, mpaka kuku wakashtuka.

"Treni sina," nikamwambia, nikihisi kicheko kinanipanda tena na kukimeza. "Watu ninao. Tutembee pamoja kwenye tuta alilojenga baba yako, twende Iguguno, nesi Magdalena akusaidie upate usingizi. Ndiyo safari niliyo nayo. Sitakuficha: ni kwa mguu, na mwisho wake ni zahanati."

"Kwa mstari?" akauliza.

"Kwa mstari."

"Mmeshikana mabega?"

"Kama unataka."

Akahesabu vichwa kwa kidole. "Na behewa la mwisho ni nani? Behewa la mwisho ndilo lenye breki. Bila breki siondoki." Kidole chake kikazunguka, kikasimama. "Paulo."

Wote tukamgeukia. Paulo, na kofia yake, na buti zake, na kamba begani.

"Mimi siwi behewa," Paulo akasema.

"Basi siondoki."

"Kamanda," nikamwambia polepole, "saa sita imekaribia."

Paulo akatutazama mmoja mmoja, akimtafuta atakayecheka. Hakuna aliyethubutu. Mimi nilikuwa nimeuma kanga. Akaishusha ile kamba begani, akaitupa juu ya nyasi. "Nitakaa nyuma," alisema, "lakini sitapiga mlio."

Vijana wakaihamishia ngazi kando ya lundo, na Simeoni akaja. Damiani akatangulia, naye akafuata, ngazi moja, ngazi mbili, anaongea bila kukoma. Ngazi ya tatu mguu wake ukateleza. Alimwangukia Damiani, wote wawili wakaanguka ubavuni, nje ya ngazi, moja kwa moja kwenye lundo letu la pumba. Magunia mawili yakapasuka. Wingu jeupe likapanda, likafunika ghala, likatufunika sisi sote.

Cecilia akapiga yowe. Vumbi likaanza kushuka.

Kutoka ndani ya pumba ikasikika sauti ya Damiani: "Asali yangu imo humu."

Halafu sauti ya Simeoni, anacheka. Hapo nilishindwa. Nilikiachia kile kicheko cha asubuhi yote, nikaanguka magotini, Cecilia akaniangukia, wale vijana wa mgambo wakashikiliana, na Paulo akavua kofia akajipepea, mabega yanamtikisika, amewageuzia watu kisogo.

Tukaondoka watu ishirini na watatu, weupe kama mizimu. Simeoni mbele na filimbi, Damiani nyuma yake, kisha Cecilia, kisha mimi, na kila mtu mkono begani kwa mwenzake mpaka kwa Paulo. Nisikufiche, kutembea hivyo ni kazi. Aliyeko mbele akikimbia, wa nyuma wanaruka kama panzi. Damiani akagundua dawa: kila Simeoni alipoongeza mwendo, yeye alitangaza stesheni, tukasimama kivulini, Simeoni akanywa uji. Tulisimama stesheni saba. Wakulima kwenye alizeti waliacha majembe yao wakatukodolea macho. Bibi mmoja aliuliza tunakwenda wapi, mtu akamjibu "Iguguno, panda!" naye akajitwika mzigo wake, akaingia kwenye mstari, akafika nasi mpaka mwisho. Alikuwa anakwenda huko huko.

Kwenye daraja dogo la mawe Simeoni akasimama bila kutangaziwa. Kutoka pale, upande wa mashariki, ungeweza kuona miti ya makazi yao ya zamani, na mahali ilipokuwa nyumba. Akakaa chini. Uso wake ukabadilika wote kwa mara moja, kama mtu aliyezimiwa taa, akaanza kulia. Alitaka kwenda nyumbani. Alisema baba yake amelala pale peke yake na hakuna anayempalilia.

Hakuna aliyemwambia nyamaza. Cecilia akakaa, akakilaza kichwa cha mumewe mapajani. Sisi wengine tukakaa mmoja mmoja kwenye tuta, miguu inaning'inia. Sijui tulikaa muda gani. Jua lilihama.

Kisha Paulo akainuka kule nyuma, akaja mpaka mbele, akachuchumaa.

"Simeoni," alisema, "ile siku ya kuhama, bati lako nililishusha mimi. Sikukupa hata nafasi ya kutoa vyombo."

Simeoni akafungua macho. "Najua," alisema. "Ulilishusha vizuri. Hukulikunja."

Paulo akampangusa pumba usoni kwa kofia yake ya mgambo. "Mwezi ujao nitakuja nawe kupalilia," alisema. "Sasa breki imefunguliwa. Twende."

Na Simeoni akainuka.

Nesi Magdalena alikuwa mama mnene wa kutoka upande wa Iramba, asiyetishika na kitu. Alitoka mlangoni mwa zahanati akaona watu ishirini na wanne, weupe, wameshikana mabega, wanaimba wimbo wa unga, wanahema, na balozi wao anacheka hawezi kusimama wima. Akashika kiuno.

"Karibuni," alisema. "Mgonjwa ni yupi?"

Tukatazamana. Hata Cecilia alikuwa amejiinamia kwa kicheko. Simeoni mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono.

"Ni mimi, nesi," alisema. "Hawa ni mabehewa."

"Haya, mabehewa yakae nje," Magdalena akasema. "Dereva, njoo ndani. Umelala lini mara ya mwisho, baba?"

Alimpiga sindano, na Simeoni akalala kabla hajamaliza kumweleza habari za mvuke. Cecilia alikaa karibu naye akimsikiliza anavyokoroma, na akatuambia hajawahi kusikia muziki mzuri kama ule. Tulipanga zamu hapo hapo uani: wawili wakeshe naye, wawili wapike, wawili walime shamba lake. Nesi alitaka jina la mtu mmoja wa kuwajibika, akapewa majina kumi. Juma lililofuata mganga kutoka Singida mjini akaja kumwona, akaacha vidonge na maelekezo, na nesi akanifundisha mimi na Damiani dalili za kuangalia.

Siku ya kumi na mbili Simeoni akarudi nyumbani, mkimya, anaangalia viatu. Aibu ilikuwa nyingi. Siku tatu hakutoka ndani, na mashine ikalala. Siku ya nne katekista akarudisha baiskeli, akaiegemeza ukutani na kusema ilikuwa inamwumiza mgongo. Mapacha wakaleta mashati, yamefuliwa. Koti halikurudi, yule mpita njia yuko nalo mpaka leo. Mimi nikaja na debe langu la mtama, nikamwambia, "Kaka, nina njaa." Akachukua spana zake akatoka.

Haikuishia hapo, maana ugonjwa ule haukuisha moja kwa moja. Mwaka uliofuata, wakati wa palizi, Simeoni alikuja mwenyewe kwangu asubuhi. "Balozi," alisema, "jana na juzi sijalala, na leo nimeona kila mtu ni mzuri sana." Nikachukua kanga yangu, tukampitia Damiani, tukafika kwa Magdalena kabla ya saa nne, tukiongea habari za mvua. Alilala kule siku mbili tu.

Habari zikaenea kwamba kwetu kuna watu wanaojua kumteremsha mtu kutoka juu ya paa. Tukaanza kuitwa. Safari ya kwanza tuliitwa kijiji cha pili, kwa dada mmoja aitwaye Febronia, aliyejifungua majuma mawili nyuma na sasa amejifungia ndani na mtoto, hataki mtu aingie. Tulikuwa na baiskeli moja na watu watatu. Damiani akadai yeye ni mzee, akae nyuma. Simeoni akasema nyuma nikae mimi, maana ndimi balozi. Wakabishana mpaka nikawaambia wakae wote, nitaendesha mimi, na nikaendesha, hatua thelathini, tukaanguka sote kwenye alizeti.

Tulifika kwa mguu, tumejaa majani. Ndugu zake Febronia walikuwa wanajadili kuvunja mlango. Simeoni akawapita bila kusema neno, akakaa chini kwenye kizingiti, akaegemeza mgongo kwenye ule mlango uliofungwa.

"Dada," alisema kwa sauti yake ya kawaida, ya chini, "mimi naitwa Simeoni, nasaga unga. Usifungue. Nimekuja kukaa tu. Je, leo umekunywa maji?"

Tulisubiri. Ndani mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Bado."

"Lea," Simeoni akaniita, bila kuondoa mgongo kwenye mlango, "lete maji."